Wadudu Niliowajaza kwa Kalamu ya Risasi

Vijana wa idara, siku ya kuniaga mliniomba niandike kurasa chache za mambo niliyoyaona kazini, mziweke ofisini asome kila anayeajiriwa. Nimekaa nyumbani miezi miwili sasa, shamba nimeshapalilia, sababu za kukwepa zimeniishia. Vyeo sitavigusa, vilikuwa vichache na vilichelewa. Nitaeleza habari za wadudu, maana mwisho wa yote hao ndio walionikaa rohoni, na kuna kosa nililolifanya ambalo yeyote kati yenu anaweza kulifanya kesho asubuhi akiwa amejaa nia njema.

Nilipangiwa Rondo, mkoani Lindi, nikiwa na cheti kipya, viatu vya mvua na sanduku la bati. Mimi ni Mmakonde wa Newala, mikorosho niliijua tangu naanza kutambaa, au ndivyo nilivyodhani. Siku ya kwanza niliwaita wakulima chini ya mkorosho mkubwa niwaonyeshe namna ya kuchanganya dawa ya kupulizia. Sijamaliza hata sentensi ya pili, maji moto wakanishukia shingoni. Kwa asiyewajua, hao ni sisimizi wekundu wanaoishi juu ya miti na kushona majani mabichi kuwa viota, na jina lao wanalistahili. Nilitupa kilemba, nikaruka, nikalia kwa Kimakonde. Wakulima walinitazama kwa adabu kubwa. Walisubiri nifike barabarani ndipo wakacheka.

Kesho yake niliagiza viota vyote vya shamba lile vichomwe. Aliyepewa kazi hiyo ni Mzee Nampembe, mkulima wa pale pale aliyekuwa akitunza pampu za kijiji za kupulizia dawa, mrefu, mchache wa maneno. Alifunga nyasi kavu kwenye ncha ya mti mrefu, akatoa kiberiti, kisha akakirudisha mfukoni.

"Bibi Shamba," akaniambia, "hawa wakiungua, atakayekula ni mbu."

"Mbu gani, mzee?"

"Mbu wa mikorosho. Njoo nkuonyeshe."

Alinisimamisha kwenye mkorosho wenye viota. Machipukizi yake yalikuwa mabichi mpaka ncha. Akanipeleka kwenye wa pili, usio na viota; ncha zimekauka, nyeusi, kama zimebabuliwa na moto. Mbu wa mikorosho ni mdudu mwembamba anayefyonza chipukizi mpaka linakufa, na maji moto humla au humfukuza. Cheti changu hakikuwa na habari hiyo. Nikamwambia mzee achome, maana nilikuwa nimeshaagiza mbele za watu. Alichoma. Msimu ule shamba lile halikufikisha hata robo ya magunia ya jirani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu lililovunjika pale halikuwa langu, lilikuwa la mwenye shamba.

Baada ya hapo nilimfuata Mzee Nampembe kila nilipopata nafasi. Alinifundisha kupaka majivu mikononi kabla ya kugusa kiota, kukikata na tawi lake, kukitia kwenye gunia na kukihamishia mti mwingine asubuhi wakati bado wamezubaa na baridi. Alinifundisha kufunga kamba ya katani kutoka mti hadi mti ili maji moto wavuke bila kushuka chini. Kubwa kuliko yote alinifundisha kusimama. Alikuwa anasema mtu akifika chini ya mti akaanza kuhesabu papo hapo, anahesabu haraka zake mwenyewe. Mimi nilikuwa na kioo cha kukuzia cha serikali, yeye alikuwa na macho tu, na kila siku alikuwa wa kwanza kuona. Alifariki mimi nikiwa likizo Newala. Nilirudi nikakuta arobaini imeshapita, na hakuna aliyenipa pole, kwa sababu nani angejua kwamba bibi shamba naye amefiwa.

Hapa lazima niseme jambo la ofisini. Ripoti zetu za mwezi zilikuwa na visanduku: wakulima waliotembelewa, mashamba yaliyokaguliwa, wadudu walioonekana. Kisanduku kitupu kilikuwa na maana moja tu kwa mkubwa wangu wa wakati ule, nayo ni kwamba ulilala nyumbani. Mvua ikikata barabara, pikipiki ikikosa mafuta, kisanduku kilitakiwa kiwe na namba hivyo hivyo. Basi tulijaza. Ulichukua namba ya mwezi uliopita, ukapunguza kidogo au ukaongeza kidogo, ikapata sura ya kweli. Hakuna aliyeita huo uongo. Uliitwa kuweka ripoti sawa.

Miaka ilikwenda. Pampu za mkono zikaondoka, zikaja za mota, na dawa zikawa nyingi kuliko majina tunayoweza kuyatamka. Nilianza kuona vipepeo wachache njiani, nikasema ni mwaka tu. Ndipo alipokuja Rehema, mtafiti kijana kutoka chuo kimoja cha Dar es Salaam, na mkoba wa karatasi.

"Shikamoo mama. Nimeambiwa wewe ndiye unayewapenda sisimizi."

"Marahaba. Siwapendi. Tunaheshimiana."

Alichotaka ni watu wa kujitolea kuhesabu wadudu. Chuo hakina macho ya kutosha, alisema, na serikali haina. Wenye macho ni wanaoamka hapa kila siku. Kila mmoja angekuwa na mstari wake wa miti ishirini kwenye ukingo wa msitu, kila mti umefungwa kipande cha kanga ili usichanganywe. Mara mbili kwa mwezi, saa tatu asubuhi umande ukishakauka, unapita mti kwa mti: viota vya maji moto vingapi, nyuki wangapi wametua kwenye tawi moja lenye maua, vipepeo wangapi wamepita. Unaandika kwa kalamu ya risasi, kwa sababu wino ukiloa unakimbia. Karatasi zinaletwa kwangu, mimi nazinakili vizuri na kuzipeleka kwake. Walijitokeza kumi na mmoja, wanawake wengi kuliko wanaume, maana ilishatangazwa kwamba hakuna posho.

Aliyekuwa bora kuliko wote ni Bi Somoe. Alikuwa mjane aliyenizidi umri, shamba lake la mikorosho limeshikana na msitu, na chini ya upenu alikuwa na mizinga minne ya magogo ya nyuki wadogo, wale wasiouma, ambao asali yao watu walikuja kuiomba hata kutoka Sudi kule pwani kwa ajili ya vikohozi vya watoto. Wale nyuki walikuwa wa mama yake. Alijitolea kwa sababu yao. Alisikia wadudu wanahesabiwa, akaona hapo ndipo pa kusemea kama wana shida.

Saa hakuwa nayo. Rehema alitaka kila tawi litazamwe kwa muda ule ule, na kila mtu akawa anakisia. Bi Somoe alikuja na tasbihi yake. Alivuta uradi mzima, punje tisini na tisa, macho hayabanduki kwenye maua, na kila nyuki aliyetua alimhesabu kwa kukunja kidole cha mkono wa kushoto. Rehema alimpima kwa simu mti baada ya mti, muda haukupishana. Alifurahi mno, akasema angetamani wanafunzi wake wangekuwa hivyo. Mimi nilijivuna kana kwamba tasbihi ni yangu.

Mwaka wa kwanza karatasi zilijaa. Mwaka wa pili zikaanza kuja na nafasi tupu. Mti wa nne, tupu. Mti wa tano, viota viwili. Mti wa sita mpaka wa tisa, tupu. Za Bi Somoe zilikuwa na nafasi tupu kuliko za wengine, na zake ndizo zilizokuwa safi kuliko zote, hazina hata mkunjo. Nilimwuliza siku moja tukinywa chai kwake.

"Bi Somoe, hapa kwenye mti wa sita hukufika?"

"Nlifika."

"Mbona hujaandika?"

Alinitazama kama ananihurumia. "Mwanangu, mtu akikuuliza habari za nyumbani unajibuje?"

"Njema."

"Hata kama ndani kuna maiti, unaanza na njema. Hayo mengine yanafuata mkishakaa. Sasa ile karatasi haikai. Nkiandika hakuna, mbele ya Mungu aliyewaumba, naona vibaya. Nimepaacha wazi. Mwenye kujua atapaelewa."

Nilielewa. Kwetu Newala nasi tuko hivyo hivyo, Mkristo kwa Mwislamu. Hakuna anayekupokea mlangoni na neno hakuna. Nilielewa, nikamaliza chai, nikarudi ofisini na zile karatasi, nikaketi kuzinakili. Nafasi tupu zikanitazama. Mkono wangu ulikuwa na miaka mingi ya visanduku. Nikafikiri: Rehema ataona hatufanyi kazi, atahamisha mradi, hawa kina mama watavunjika moyo. Nikafikiri pia: wiki mbili zilizopita mti huu ulikuwa na viota saba, na kiota hakina miguu. Nikaandika saba. Nilijaza za Bi Somoe, nikajaza za wengine, kwa mwandiko mmoja mzuri. Karatasi za awali zilibaki kwenye boksi mlangoni, na nyingi ziliishia gengeni kufungia karanga.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilidumu misimu mitatu.

Msimu wa tatu wa kujaza kwangu, mbu wa mikorosho alizidi. Kukaitishwa mkutano wa kijiji, wageni wakaja kutoka wilayani, hoja ikiwa kwamba mashamba yote yapulizwe dawa kali kwa pamoja, mpaka ukingo wa msitu, badala ya kila mkulima na pampu yake. Wazee wengine waliuliza kuhusu nyuki. Rehema akasimama. Alikuwa mwaminifu kwa karatasi alizokuwa nazo. Alisema hata yeye alikuwa na hofu, lakini hesabu za wananchi zinaonyesha kwamba pamoja na dawa za misimu iliyopita, maji moto na nyuki wa ukingoni hawajapungua. Kisha, kwa kuwaheshimu waliojitolea, akawasoma mmoja mmoja kwa majina.

"Mstari wa Bi Somoe, mti wa sita. Viota saba, saba, sita, saba. Mti wa saba, viota vitano, vitano."

Bi Somoe alikuwa mkekani na wanawake wenzake. Aliinua uso akanitazama, halafu akainamia mikono yake. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mbele, pamoja na wageni. Ilikuwa ni kunyanyuka tu na kusema: namba hizo ni zangu. Niliyapanga maneno kabisa. Mtendaji akauliza kama kuna mwenye la kuongeza, macho yakapita kwangu, nikatikisa kichwa. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja na nusu kustaafu. Hiyo ndiyo sababu. Nimeitafutia nyingine iliyo nzuri zaidi, sijaipata.

Dawa ilipulizwa asubuhi tatu mfululizo. Siku ya nne nilikwenda kwa Bi Somoe nikakuta anafagia chini ya upenu. Nyuki wadogo walikuwa wamelala mdomoni mwa mizinga na chini yake, weusi, kama ufuta uliomwagika. Alikuwa anawafagia polepole kwenye ungo asiwakanyage. Mizinga mitatu ilikuwa kimya. Wa nne alisema anasikia sauti ndani, akaniomba nitege sikio. Nilitega. Nikamwambia nami nasikia. Hata hilo halikuwa kweli.

Nilikaa na jambo hilo miezi. Nilipita kwenye mstari wake peke yangu, nikasimama kama nilivyofundishwa, nikavitazama vile vipande vya kanga vikipauka. Katika miti ishirini nilikuta kiota kimoja, kikavu, hakina mtu. Roho iliniuma kwa namna ambayo sikuwahi kuijua kazini. Nilikuwa nimewahi kushindwa mara nyingi, lakini sikuwahi kushindwa kwa mkono wangu mwenyewe namna ile. Pengine ningestaafu nalo. Lakini Rehema alinipigia simu kwa furaha: anaandika makala, na mstari wa Bi Somoe ndio utakuwa mfano wake mkuu, ili wilaya nyingine nazo zione kwamba dawa inaweza kupulizwa mpaka ukingoni mwa msitu bila madhara. Hapo nikamwambia.

Upande wa pili nilisikia karatasi zikifunuliwa.

"Mama, ni mistari mingapi?"

"Sijui. Sikuweka alama."

"Karatasi za mwanzo?"

"Hazipo."

"Sawa, mama," akasema. Hakunitukana, na ningependa angenitukana. Ilibidi atupe kila kitu, mwaka wa kwanza pamoja na misimu mitatu niliyoijaza, hata namba za wale ambao hawakuacha nafasi hata moja, kwa sababu hakuna tena aliyeweza kusema ipi ni ya jicho na ipi ni ya mkono wangu. Miaka yake minne ya kazi. Siku ya kuniaga alituma salamu kupitia kwa mtu.

Kwa Bi Somoe nilichelewa zaidi. Nilijiambia namwogopea huzuni, lakini nilikuwa najiogopea mimi. Nilikwenda juma lililopita, nikiwa si bibi shamba wa mtu tena. Nilimkuta amekaa barazani anapepeta, amevaa miwani. Sikuwahi kumwona nayo.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kukaa?"

Nilisema njema. Nikaketi, nikamweleza yote bila kupumzika: nafasi alizoziacha, namba nilizozijaza, mkutano, kiti cha mbele. Aliendelea kupepeta mpaka nikamaliza. Kisha akaweka ungo chini.

"Kwa hiyo mti wa sita haukuwa na kitu."

"Haukuwa na kitu."

"Hata zile siku nlizopita mara mbili?"

"Hata hizo."

 Akaniambia kwamba siku ile ya mkutano, aliposikia viota saba vinasomwa kwa jina lake, alijua mara moja kwamba macho yake yamekufa. Serikali imeviona, mtoto wa chuo ameviona, yeye peke yake aliyesimama pale na uradi mzima hakuviona. Ndiyo maana mzee mmoja alipomwuliza mkekani kama dawa ipulizwe, alisema wapulize, wenye macho wameshasema. Baada ya mkutano alipanda gari mpaka Lindi kupimwa. Daktari akamwambia macho yake mazima kabisa kwa umri wake.

"Nlimwona mwongo yule daktari," akasema. "Nkatoka pale nkanunua hii kwa wachuuzi wa sokoni."

"Unaona vizuri ukiivaa?"

"Aa. Kila kitu kinakuwa na ukungu. Nlidhani ndivyo mnavyoona nyie mliosoma."

 Nilimwomba twende kwenye mstari wake, mimi na yeye, tuhesabu upya tangu mwanzo, tuandike sifuri palipo na sifuri, na karatasi ibaki kwake. Alikubali, akachukua tasbihi yake. Njiani nilimwomba avue miwani, akaivua, akaishika mkononi. Tulifika mti wa kwanza. Nilichonga kalamu, nikakunjua karatasi. Alivuta uradi wote, punje kwa punje, macho juu. Hapakuwa na kiota, hapakuwa na nyuki, na maua yalikuwa mengi.

"Haya, Bi Somoe," nikasema. "Wangapi?"

 Aligeuka akanitazama usoni.

"Anza wewe," akasema. "Wewe umeona wangapi?"

Nilimwambia mimi sisemi kitu, ataje yeye kwanza alichokiona, chochote kile nitakiandika. Alitazama tena juu. Kisha akavaa miwani yake, akasimama pembeni yangu, akangoja nimwambie.